Ubeti Mmoja kwa Kila Mhitimu: Hotuba ya Mwalimu wa Kiswahili katika Mahafali ya Kidato cha Sita

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliopanda mabasi ya alfajiri ili kutufikia huku kwenye ukungu wa Mufindi, wahitimu wetu, na ninyi wa kidato cha tano ambao macho yenu yapo kwenye vitanda vitakavyoachwa wazi: naomba itifaki ihesabiwe kuwa imezingatiwa.

Risala ya wahitimu mmekwisha kuisikia. Imesomwa vizuri, na kama zilivyo risala za mahafali nchi nzima, imeanza na shukrani, imepita kwenye mafanikio kwa mwendo wa haraka, kisha ikaweka kambi kwenye changamoto: uzio, maabara, gari la shule, na walimu wa Hisabati. Sina ugomvi na risala, maana uzio tunauhitaji kwelikweli, na mheshimiwa mgeni rasmi ameonekana akiandika jambo fulani kwenye karatasi yake. Hata hivyo, risala ile mtu angeweza kuichukua akaisoma kwenye shule nyingine yoyote ya bweni, akabadilisha jina la shule tu, na hakuna mzazi ambaye angeshtuka. Wahitimu wametajwa ndani yake kwa idadi, wavulana wangapi na wasichana wangapi, lakini hakuna hata mmoja anayeonekana sura.

Kasoro hiyohiyo ipo kwenye mashati. Wazazi ambao hamjaona, subirini siku ya mwisho ya mtihani mwezi Mei, wakati vijana hawa watakapoandikiana kwenye sare zao kwa kalamu za wino mzito, mgongoni na mikononi, hadi shati jeupe ligeuke ubao wa matangazo. Nimepata kuyasoma mashati hayo miaka iliyopita, na maneno ni yaleyale: nakutakia maisha mema, usinisahau, tukutane chuo kikuu. Aliyeandika alikuwa na machozi ya kweli, sina shaka, lakini sentensi yake ingemfaa mtu yeyote aliyewahi kuvaa shati.

Ndiyo sababu mwaka huu, kwa idhini ya Mkuu wa Shule, wanafunzi wangu wa tahasusi za HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) walipewa kazi ambayo haimo kwenye muhtasari wa somo. Kila mmoja amtungie mwenzake ubeti mmoja wa kumtania, ubeti wenye vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, na mizani kamili, yaani hesabu ya silabi za kila mstari, na ubeti huo usiwe na jina la anayetaniwa. Sharti la kutotaja jina ndilo lililokuwa moyo wa kazi nzima. Tuliusoma kila ubeti mbele ya darasa, na kama wenzake hawakuweza kumtambua mwenye ubeti kabla ya mstari wa tatu kwisha, mtunzi alirudishiwa karatasi yake aende akamtazame mtu upya. Karatasi zilizorudishwa zilikuwa nyingi. Ubeti uliosema kwamba mwenzetu ni mcheshi, mpole na mwenye bidii ulirudishwa bila mjadala, maana sifa hizo husemwa pia kwenye matangazo ya kutafuta wachumba.

Watunzi hawakuchagua wa kumtungia. Tulipiga kura kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia, kwa sababu mtu akimtungia rafiki yake wa chanda na pete atatunga yale wanayoyajua wawili tu, na akimtungia asiyemzoea atalazimika kuuliza, kupeleleza, na kukaa naye meza moja bwaloni. Miongoni mwao walikuwamo waliosoma darasa moja tangu kidato cha tano wakiwa hawajawahi kuzungumza sentensi tatu mfululizo.

Naona wazazi wengine wameanza kukunja nyuso, na ninaielewa hofu yao. Kumtania mtu hadharani, siku yake ya heshima, mbele ya mama yake mzazi? Lakini hapa tulipo utani si jambo la kuazima. Babu na mjukuu ni watani, shemeji ni watani, Wapare na Wachaga ni watani, na katika makabila mengi mtani ana haki ambazo hata ndugu wa damu hana. Msibani yeye ndiye anayeruhusiwa kuvaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake mbele ya waombolezaji, na wafiwa, badala ya kukasirika, wanacheka huku machozi yakiwatoka. Mtani anaweza kuuigiza mwendo ule kwa sababu aliutazama vizuri wakati mwenyewe alipokuwa hai. Asiyekujua hawezi kukutania. Anaweza kukutukana tu, na kwa matusi hakuna haja ya kumjua mtu.

Mpaka baina ya mambo hayo mawili tuliuchora wenyewe kabla ya kuanza. Maumbile ya mtu hayaguswi. Hali ya nyumbani kwao haiguswi, wala alama za mtihani, wala nani alimwandikia nani barua akajibiwa au asijibiwe. Juu ya yote, mwenye ubeti husomewa faraghani kwanza, na akisema hapana basi karatasi inachanwa, hata kama vina vyake ni vya kuvutia namna gani. Iliyochanwa ilikuwa moja. Nitaisimulia baadaye kidogo, kwa ruhusa ya wahusika wote wawili.

Sasa wacha niwasomee. Nitasoma chache tu, wenyewe watasoma zilizobaki, na anayejitambua asimame, asisubiri kusukumwa. Wazazi, msihangaike kuuliza majina. Yatajulikana kwa kelele.

Fundi wa pasi bwenini, mikunjo uliiweza,
Sare kama ya dukani, mpya inayopendeza,
Ila shuka kitandani, kukunjwa yabembeleza,
Popote tutakutaja, wana kidato cha sita.

Naona kijana wetu amesimama, na suruali yake hata leo ina mstari unaoweza kukata mkate. Kwa wasiojua maisha ya bweni, mwenye pasi ya mkaa ni mtu mkubwa, na Jumapili jioni foleni mbele ya kitanda chake huwa ndefu kuliko ile ya zahanati. Alipiga pasi sare za bweni zima bila kudai chochote zaidi ya mkaa. Mtunzi, aliyelala kitanda cha juu yake, ndiye peke yake aliyeona kilichokuwa chini, na mwalimu wa malezi, ambaye alikuwa akikagua vitanda kila Jumamosi, amethibitisha ushahidi huo.

Kengele ikishalia, vitabu tumefungasha,
Swali moja lasalia, mwalimu wamrudisha,
Njaa inatuzidia, wewe wajielimisha,
Popote tutakutaja, wana kidato cha sita.

Binti yetu, simama bila aibu. Kengele yenyewe ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na ikigongwa saa saba mchana hakuna darasa linalosikia kitu kingine tena, isipokuwa yeye, ambaye husikia swali. Mtunzi alilalamikiwa na wenzake kwamba vina vyake vya kati, vile vya katikati ya mstari, vimelegea, kwa kuwa "lia" na "zidia" havifanani konsonanti. Nikamtetea. Silabi ya mwisho katika maneno hayo ni "a" peke yake, na sheria inamruhusu. Hata hivyo nilimnong'oneza kwamba vitenzi vyetu karibu vyote vya asili ya Kibantu huishia na "a", kwa hiyo kina hicho hupatikana bila jasho, na mtunzi mwenye fahari hakitegemei.

Ulitoka kule pwani, baridi hukuijua,
Maji yetu ya bombani, ukigusa waugua,
Ukangojea jikoni, hadi lichomoze jua,
Popote tutakutaja, wana kidato cha sita.

Wageni mliolala hapa jana mmeyaoga maji hayo leo asubuhi, au mmeyatazama tu, kwa hiyo sihitaji kueleza. Ninachotaka mkione ni namna "hukuijua" ya mstari wa kwanza inavyojibiwa na "jua" la angani katika mstari wa tatu. Mtunzi hakuupata mchezo huo siku ya kwanza. Mstari wake wa awali ulimaliza na neno "kupungua", ambalo halikuwa na kazi yoyote pale zaidi ya kuziba pengo la kina, na nilimwambia kwamba neno linaloingia kwenye shairi kwa sababu ya kina peke yake ni sawa na abiria asiye na tiketi: basi zima linajua. Akaenda, akarudi na jua. Wapishi wetu, ambao wamekaa kule nyuma, wamekuwa wakimwita kijana huyu mfanyakazi mwenzao.

Sasa ile iliyochanwa. Kijana mmoja alipata kwenye kura jina la mwenzake ambaye ana kigugumizi, na kwa kuwa hakumjua sana, aliandika kile ambacho kila mtu angekiona kwa mara ya kwanza. Ubeti ulikuwa na mizani sahihi. Ulikuwa hata na ufundi, maana alikuwa amerudiarudia silabi makusudi. Mwenzake alisomewa, akatikisa kichwa, na karatasi ikachanwa bila mtu kupandisha sauti. Mtunzi hakupewa adhabu. Alipewa wiki moja zaidi na agizo lilelile la kumtazama mtu upya. Jumamosi akamfuata kwenye mechi ya mabweni, na huko akakuta jambo ambalo wapenzi wa kandanda wa shule hii walikuwa wakilijua siku zote, ila hawakuwahi kuliunganisha na mtu waliyemfahamu darasani. Yule yule anayehangaika na jibu la sentensi moja mbele ya mwalimu, akipanda kwenye mparachichi ulio pembeni ya uwanja, hutangaza mpira dakika tisini bila kukwama hata kwenye neno moja.

Tukitazama mpira, wewe u juu mtini,
Wawataja nyota bora, wa Ulaya uwanjani,
Kila shuti la hasara, kwako limo kimiani,
Popote tutakutaja, wana kidato cha sita.

Huyu amesimama kabla sijamaliza. Wachezaji wetu, ambao wengine hawajawahi kulenga goli, kwenye matangazo yake wamesajiliwa Ulaya na kurudi kuchezea bweni kwa mapenzi tu. Nimeuchagua ubeti huu nikijua kwamba si bora kwa ufundi kuliko ule uliochanwa. Ila ule wa kwanza ungeweza kutungwa na mpita njia, na huu hauwezi.

Kuhusu mizani nitasema kidogo, kwa sababu kuna mgeni mmoja aliyeniuliza wakati wa chai kama vijana hawa wametumia kompyuta kuhesabu. Wametumia vidole. Kila mstari una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, na wakati wa kujisomea usiku ungewakuta wakigonga meza kwa vidole, midomo ikitembea, hata mwalimu wa zamu akaja kuniuliza kama kuna jambo limewapata. Ugumu haukuwa kuhesabu bali kujua cha kuhesabu. Katika "mpira" herufi ya kwanza inasimama peke yake, kwa hiyo neno lina mizani tatu. Katika "mbali" imeungana na inayofuata, kwa hiyo ni mbili tu. Mswahili hutofautisha mambo hayo kwa sikio tangu utotoni, lakini mwambie ayaandike uone atakavyokuna kichwa. Vijana ambao kwa miaka miwili niliwafundisha uhakiki wa ushairi, wakanijibu kwa madesa waliyoyakariri, walikuja kuelewa silabi ni nini pale walipotakiwa kumtania mtu kwa mizani nane.

Sheria hizo hatukuzibuni sisi. Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa jiji la Dar es Salaam, alizipanga kitabuni mwaka 1954, akiandika yale ambayo watunzi wa mwambao walikuwa wameyafuata kwa vizazi. Naye Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliipandisha ngonjera kwenye majukwaa kama hili, watu wawili wakibishana kwa beti hadi waafikiane. Wazazi wa umri wangu mtakuwa mmesimama kwenye ngonjera hizo mkiwa na kaptura, mmoja akiwa Mkulima na mwingine Mvivu. Zilikuwa nzuri, nami nilizipenda. Lakini Mkulima na Mvivu hawakuwa watu, walikuwa mabango yanayotembea, na nadhani sehemu ya sababu iliyowafanya vijana kuyachoka mashairi ya jukwaani ni kwamba kwa muda mrefu tumewapa mabango ya kusoma: Ukimwi, mazingira, rushwa, mazingira tena.

Zamani za Muyaka bin Haji haikuwa hivyo. Bwana yule wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliutoa ushairi kwenye mambo ya dini peke yake akauingiza sokoni na barazani. Alitunga juu ya vita na watawala, na pia juu ya marafiki, mahasimu na mambo ya nyumbani, akijibizana na watu ambao wangeweza kukutana naye kesho yake njiani. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipozikusanya katika nusu ya pili ya karne ya 19. Watu hawabebi vichwani kwa miongo yote hiyo jambo lisilowahusu.

Kwa haki, niseme pia kwamba darasa lilikuwa na muasi wake. Kijana mmoja alisimama akadai kwamba vina na mizani ni minyororo, akamtaja mshairi Euphrase Kezilahabi na mgogoro mzima wa ushairi wa miaka ya 1970, baina ya walioshika vina na mizani na walioviacha, na akaomba aruhusiwe kutunga shairi huru, lisilofungwa na sheria hizo. Hoja ilijengwa vizuri, ningempa alama nzuri kwenye mtihani. Nikamwuliza ametunga beti ngapi za arudhi, yaani zenye kufuata sheria hizo, kabla ya kuchoka nazo. Akanyamaza. Kezilahabi aliijua nyumba aliyoihama. Muasi wetu akarudi mezani, na ubeti aliouleta, kuhusu msichana mkimya kuliko wote darasani, ndio huu:

Mchana huna kauli, mdomo umefungika,
Usiku kwa lugha kali, Majimaji yasikika,
Nasi bila ya suali, tarehe tumezishika,
Popote tutakutaja, wana kidato cha sita.

Mtaniuliza mvulana alijuaje yanayotokea usiku kwenye bweni la wasichana, na Mkuu wa Shule aliniuliza hivyohivyo kwa sauti ambayo haikuwa ya kishairi. Alijua kwa kuuliza. Msichana huyu alimshinda kabisa: hakumpata kwenye michezo, hakumpata kwenye mabishano ya bwaloni, na alikuwa amekwisha kuandika mistari mitano iliyosema kwamba mwenzetu ni mkimya, ambayo yote ilirudishwa kwa kuwa wakimya darasani si mmoja. Ndipo alipowaendea wasichana wa bweni lake, nao wakacheka hadi wakakaa chini. Wakamweleza kwamba asiyesema mchana hufundisha usingizini, na mada yake aipendayo ni Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, kwa mtiririko, na sababu, na athari. Mwenyewe aliposomewa ubeti alicheka kwa sauti, jambo ambalo darasa lilikuwa halijapata kulisikia, akasema wausome mbele ya baba yake ajue ada haikupotea. Baba, nakuona. Haikupotea.

Sikujua kwamba kwenye ile kofia kulikuwa na karatasi yenye jina langu. Iliongezwa na dada mkuu, kwa kushirikiana na walimu ambao leo wanajifanya kutazama dari. Kwa kuwa sheria ni ya wote, nilisomewa faraghani, nikapewa haki ya kukataa, na nikafikiri sana kuitumia.

Mwalimu kipindi chako, mwisho hakijaupata,
"Namalizia" ni yako, mwezi wa tatu wapita,
Saa mkononi mwako, kwa aibu imesita,
Popote tutakutaja, wana kidato cha sita.

Saa imesimama kweli, tangu Januari, na nimekuwa nikiivaa kwa heshima yake ya zamani. Nilidhani hakuna aliyeona. Kiufundi nina neno moja tu kwa mtunzi: amerudisha kina cha "ta" kwenye kibwagizo, ule mstari wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, hata ubeti wote wa upande wa kulia ukalia sauti moja kuanzia juu hadi chini. Alipoulizwa kama ni makusudi alijibu kwamba mwalimu mwenyewe hulia sauti moja kuanzia juu hadi chini. Nimempa alama zote.

Mheshimiwa mgeni rasmi, beti zilizobaki zitasomwa na watunzi wenyewe, na kila msomaji atashuka jukwaani pamoja na aliyemtungia, wakapige picha kabla ya chakula. Zimenakiliwa kwenye daftari moja la jalada gumu litakalokaa maktaba. Wa kidato cha tano, kofia itawafikia Januari, kwa hiyo anzeni kutazamana. Namalizia. Kiranja wa taaluma alete kipaza sauti upande huu, na wa kwanza kwenye orodha apande, yule wa ubeti wa mpiga chafya.